Jane Manning James, Mwamini Asiyechoka Kuuliza

Tafakari ya juma: Luka 18:1–8



Somo la juma hili ni la yule mjane na hakimu dhalimu. Mjane ana shauri lake na hana wa kumsemea. Hakimu hamchi Mungu wala hajali watu. Mjane anakwenda, anapuuzwa, anarudi. Anarudi tena na tena, hadi hakimu anaona heri amwamulie shauri lake apate kupumzika. Luka ametangulia kutueleza kwa nini Yesu alitoa mfano huu: tuombe sikuzote, wala tusikate tamaa.

Tukiusoma mfano huu haraka tunaona sala peke yake. Tukiusoma polepole tunamwona mjane alipo. Hakuwa amejifungia chumbani akipiga magoti. Alikuwa mlangoni pa mkubwa, mchana kweupe, akidai kilicho chake. Yesu alitaka kutufundisha kuomba, akatuonyesha mwanamke anayewasumbua wenye mamlaka. Machoni pake mambo hayo mawili yalikwenda pamoja. Sisi ndio tuliokuja kuyatenganisha, tukamsifu anayesali kimya na kumkunjia uso anayeuliza.

Leo nataka tumtazame mwanamke mmoja aliyeyashika yote mawili hadi uzeeni. Hakuwa wa kanisa letu. Alikuwa wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, ambalo waumini wake tumezoea kuwaita Wamormoni. Kuna mafundisho yanayotutenga nao, na leo si siku ya kuyapima. Bwana wetu alipotaka kufundisha upendo kwa jirani alimchukua Msamaria akamweka mbele ya Wayahudi wajifunze kwake. Tusione aibu kujifunza kwa jirani.

Jina lake ni Jane Manning James. Alizaliwa huru, mwanzoni mwa miaka ya 1820, huko Wilton katika jimbo la Connecticut, Marekani. Mama yake alikuwa amewahi kuwa mtumwa. Baba alifariki Jane angali mdogo, na alipofika umri wa miaka sita hivi akapelekwa kufanya kazi katika nyumba ya Wazungu wenye uwezo. Huko ndiko alikokulia, akifua, akipika na kupiga pasi. Angali kijana, kabla ya kuolewa, alizaa mtoto wa kiume, Sylvester, ambaye baba yake hakutajwa hadharani.

Ametuachia maandishi ya aina mbili. Ya kwanza ni simulizi ya maisha yake. Mwanzoni mwa karne ya 20, akiwa mzee na macho yamefifia, alimsimulia mama mmoja aitwaye Elizabeth Roundy, naye akaandika. Jane aliagiza simulizi hiyo isomwe siku ya maziko yake. Ya pili ni barua zake kwa viongozi wa kanisa lake. Ukisoma simulizi peke yake utamwona bibi mpole mwenye shukrani. Ukisoma barua peke yake utamwona mdai. Jane alikuwa wote wawili, na nawaomba tumsome hivyo, mzima.

Tuanze na simulizi. Joseph Smith, kijana wa shamba katika jimbo la New York, alichapisha Kitabu cha Mormoni mwaka 1830 katika mji wa Palmyra, na tarehe 6 Aprili mwaka huohuo akaanzisha kanisa. Miaka 12 hivi baadaye mmisionari wa kanisa hilo, Charles Wandell, alifika Connecticut. Jane alikuwa ameshajiunga na kanisa la Kipresbiteri, lakini moyo wake ulikuwa bado unatafuta. Mchungaji wake aliposikia kwamba anataka kwenda kumsikiliza mgeni huyo, akamkataza. Jane akaenda hivyohivyo, akaamini, na Jumapili iliyofuata akabatizwa. Mapema kabisa tunaona tabia ambayo ingemfuata hadi uzeeni: akiambiwa hapana na mtu, alitaka kusikia Mungu anasemaje.

Mwaka 1843 yeye na jamaa zake, mama, ndugu, mashemeji na mtoto wake, walifunga safari kwenda Nauvoo, mji wa Watakatifu kando ya mto Mississippi katika jimbo la Illinois. Waliondoka pamoja na waumini Wazungu, wakapanda mashua ya mfereji hadi Buffalo. Huko wakatakiwa nauli ambayo hawakuwa nayo, wakanyimwa nafasi. Wenzao Wazungu wakaendelea na safari. Wao wakaanza kutembea.

Walitembea maili 800 hivi, karibu kilomita 1,300. Jane anasimulia kwamba viatu viliisha, nyayo zikapasuka na kuvuja damu hadi alama za miguu yao zikaonekana nyekundu ardhini. Wakasimama, wakamwomba Mungu awaponye miguu, na anashuhudia kwamba waliponywa. Walipofika Peoria wakuu wa mji walitishia kuwafunga wasipoonyesha hati za kuachwa huru. Mwanzoni hawakuelewa wanaulizwa nini, kwa kuwa Jane na ndugu zake hawakuwahi kuwa watumwa wa mtu. Walivuka mto kwa miguu maji yakiwafika shingoni. Walilala porini, wakaamka wamefunikwa na sakitu, wakaikanyaga bila viatu. Na katika hayo yote, asema, walikwenda wakiimba na kumshukuru Mungu. Karibu na mwisho wa safari, mahali paitwapo La Harpe, walimkuta mtoto mgonjwa ambaye wazee wa kanisa walikuwa wamekwisha kumkatia tamaa. Wakamwombea, akapona.

Nauvoo kwenyewe hawakupokewa kwa shangwe. Walizungushwa na kukaripiwa hadi mtu mmoja akawaelekeza nyumbani kwa Joseph Smith. Emma, mkewe, alikuwa mlangoni akawakaribisha ndani. Jioni Joseph akavuta kiti, akaketi karibu na Jane, akamwambia kwamba bila shaka yeye ndiye aliyekuwa kiongozi wa kikundi kile, kisha akamwomba asimulie safari yao mbele ya Emma na mgeni wao, daktari Bernhisel. Jane aliposimulia, Joseph akamgeukia daktari akamuuliza kama hiyo siyo imani. Daktari akajibu kwamba kama angekuwa yeye, angegeuza njia arudi nyumbani.

Pale Nauvoo mwanamke mweusi, fukara, mtumishi wa nyumbani, alipewa kiti na kuombwa aseme, na wakubwa wakanyamaza wamsikilize. Jane aliikumbuka jioni hiyo miaka karibu 60 akaisimulia kwa kinaganaga. Mtu akisikilizwa mara moja kwa heshima, anabaki anajua maisha yake yote kwamba anastahili kusikilizwa.

Wengine walipopata makao, Jane alibaki kwa akina Smith akifanya kazi za ndani. Siku moja, akifua, alikuta katika nguo za Joseph mavazi asiyopata kuyaona. Yalikuwa mavazi ya ibada za hekalu. Aliyaangalia, akayawaza, na anasema Roho alimjulisha kwamba yalihusu jina jipya wanalopewa watakatifu. Akayafua. Jane hakuwahi kuruhusiwa kuyavaa mavazi ya namna hiyo maisha yake yote.

Wakati fulani Emma alimuuliza kama angependa kuasiliwa awe mtoto wao. Jane hakuelewa maana yake, akakataa. Tarehe 27 Juni 1844 Joseph na kaka yake Hyrum waliuawa na kundi la watu wenye silaha katika gereza la Carthage. Mwaka 1847 Jane, mumewe Isaac James na watoto wao walikuwa miongoni mwa waliofika bonde la Salt Lake katika mmoja wa misafara ya waanzilishi ya mwaka huo. Walikuwa maskini kama wote. Mwaka 1849 jirani yake Mzungu, Eliza Lyman, aliishiwa chakula baada ya mumewe kusafiri. Eliza aliandika katika shajara yake kwamba Jane James alimpa ratili mbili hivi za unga, na kwamba hiyo ilikuwa karibu nusu ya unga wote aliokuwa nao.

Hadi hapa ni habari ya kutia moyo, na wahubiri wengi wangeishia hapo. Sasa tuje kwenye barua.

Katika kanisa hilo hekalu halitumiki kwa ibada ya kila Jumapili. Ibada ya Jumapili hufanyika katika majengo ya kawaida yaliyo wazi kwa wote. Hekaluni ndiko muumini anakopokea endaumenti, yaani maagano makuu ya imani yao, na ndiko mume, mke na watoto wanakounganishwa kuwa familia ya milele. Mwanzoni watu weusi wachache walipewa ukuhani: Elijah Able alitawazwa kuwa mzee wa kanisa mwaka 1836. Lakini mwaka 1852 Brigham Young, rais wa pili wa kanisa, alitangaza kwamba wenye asili ya Afrika hawatapewa ukuhani. Kutoka hapo ikaja desturi ya kuwafungia pia ibada hizo kuu za hekalu, wanaume na wanawake. Ili kuitetea desturi hiyo, watu walitumia hadithi za laana ya Kaini na Hamu, zilezile zilizotumiwa katika makanisa mengi ya Marekani kuhalalisha utumwa. Yote hayo yalifanyika katika kanisa ambalo kitabu chake, katika 2 Nefi sura ya 26, kinafundisha kwamba Mungu hamkatai yeyote anayemjia, awe mweusi au mweupe, mtumwa au huru, mwanamume au mwanamke.

Elijah Able aliomba baraka zake za hekalu akanyimwa. Alifariki Salt Lake City tarehe 25 Desemba 1884. Siku mbili baadaye, tarehe 27 Desemba, Jane alimwandikia rais wa kanisa wa wakati huo, John Taylor. Hoja yake ilikuwa ya kibiblia na fupi. Mungu alimwahidi Abrahamu kwamba katika uzao wake mataifa yote ya dunia yatabarikiwa. Nyinyi mnafundisha kwamba huu ni wakati wa utimilifu wa mambo yote. Je, mimi sina baraka? Tena akamkumbusha neno la Emma la kumfanya mtoto.

Mwaka 1888 alipewa cheti cha kuingia hekaluni kubatizwa kwa niaba ya jamaa zake waliokufa, huduma ambayo watu weusi hawakukatazwa. Kiongozi aliyempelekea cheti hicho aliandika kwamba inampasa aridhike na nafasi hiyo, angoje maelekezo zaidi kutoka kwa Bwana. Jane akaenda akabatizwa kwa ajili ya wafu wake, akamshukuru Mungu. Kisha akaendelea kuandika. Aliomba endaumenti. Aliomba aunganishwe na familia ya Joseph Smith kama mtoto, kama Emma alivyowahi kumpendekezea.

Mwaka 1894 viongozi walifikia uamuzi wa ajabu. Tarehe 18 Mei, katika hekalu la Salt Lake, Jane aliunganishwa na Joseph Smith katika umilele, lakini kama mtumishi wake. Alikuwa hai, anaishi mjini humohumo, lakini hakuruhusiwa kuingia kwenye ibada yake mwenyewe. Mwanamke mwingine, Bathsheba Smith, alisimama badala yake, na Joseph F. Smith, mtoto wa Hyrum, akasimama badala ya marehemu Joseph.

Jane hakutosheka, na nani angetosheka? Alikuwa ameomba nafasi ya mtoto akapewa nafasi ya mtumishi, tena milele. Akaendelea kuwaendea viongozi na kuwaandikia hadi miaka ya 1900. Katika barua zake alijitambulisha kuwa dada yao katika injili.

Siku za ibada, yeye na kaka yake Isaac Manning walikuwa na viti vyao vya mbele katika Tabernacle, ukumbi mkubwa wa mikutano wa kanisa. Kila mtu alimjua. Wenye kumheshimu walikuwa wengi. Lakini hekalu lililosimama jirani na ukumbi huo lilibaki limemfungia ibada alizoziomba. Alifariki tarehe 16 Aprili 1908. Magazeti yakaisifu imani yake, na Joseph F. Smith, ambaye wakati huo alikuwa rais wa kanisa, akazungumza katika maziko yake. Huyo ndiye aliyepokea baadhi ya barua zake, na ndiye aliyesimama katika ibada ya mwaka 1894.

Wapendwa, katika habari hii yako mambo matatu ninayotaka tuyachukue.

La kwanza linatuhusu sisi tulio na mamlaka. Ni rahisi kuwaona viongozi wale kuwa watu waovu, tukajitenga nao. Lakini angalieni ni akina nani. John Taylor alikuwa ndani ya gereza la Carthage siku Joseph alipouawa. Alipigwa risasi kadhaa akanusurika. Joseph F. Smith alikuwa mtoto wa Hyrum. Aliachwa yatima wa baba akiwa na miaka mitano. Na ni Hyrum huyohuyo aliyemwekea Jane mikono kichwani na kumbariki mwaka 1844, muda mfupi kabla ya kuuawa. Hawa walikuwa watu walioonja mateso kwa ajili ya imani, waliojua kufukuzwa makwao na kudharauliwa. Mateso hayo hayakuwafundisha kuliona chozi la Jane. Kuteswa hakumfanyi mtu awe mwenye haki. Makanisa yetu mengi hapa Afrika yalianzishwa na watu waliochoka kudharauliwa na wakubwa wa kigeni. Je, leo wanawake, vijana na maskini ndani ya makanisa hayo wanasikilizwa? Wapo wanaofua kanzu za wachungaji na vitambaa vya meza ya Bwana, wanaopika siku ya mavuno, na siku ya uamuzi mlango wa kikao unafungwa wao wakiwa nje. Dada wa kazi anaandaa watoto waende ibada ya saa tatu, naye anabaki jikoni, na hakuna mzee wa kanisa aliyewahi kuuliza jina lake. Sisi ni hodari wa kuwapa watu sifa pale wanapohitaji haki. Jane alipewa kiti cha mbele, akasifiwa hata kaburini. Hakuwa ameomba sifa.

La pili linawahusu mnaongoja. Wengine mmeambiwa na kanisa msubiri: mama aliyezaa kabla ya ndoa, aliyeachwa na mumewe, kijana aliyeitwa na Mungu lakini hana wa kumshika mkono. Jane alikuwa hayo yote. Mumewe Isaac alimwacha karibu mwaka 1870; alirudi mgonjwa baada ya miaka 20 hivi, na alipofariki Jane ndiye aliyempa maziko ya heshima nyumbani kwake. Aliwazika watoto wake karibu wote. Wawili tu walibaki hai. Katika hayo hakuiacha imani na hakuliacha swali lake. Simulizi yake inamalizika kwa kusema kwamba imani yake ina nguvu kama siku ile alipobatizwa, na hata zaidi. Kwamba analipa zaka na sadaka, na kujitahidi kuwa mfano mwema. Humo hajaanika manung'uniko yake juu ya hekalu. Manung'uniko aliyapeleka kwa wenye kuweza kuyatatua, kwa jina, kwa maandishi, na kwa adabu. Mjane wa Luka naye alikwenda kwa hakimu, hakuzunguka mtaani akimsengenya hakimu. Kwa hiyo usidanganywe kwamba ukiuliza umepungukiwa imani. Wala asitokee mhubiri akamtumia Jane kuwanyamazisha watu, akisema: mwangalieni, alivumilia. Alivumilia, na aliandika barua.

La tatu ni gumu zaidi. Jane alikufa bila kupata alichoomba. Mjane wa mfano alipata haki yake akiwa hai, Jane hakuipata. Tarehe 1 Juni 1978 Spencer W. Kimball, rais wa kanisa hilo, pamoja na washauri wake na mitume waliomba katika hekalu la Salt Lake, wakatangaza siku chache baadaye kwamba wamepokea ufunuo wa kuwafungulia ukuhani na hekalu watu wa rangi zote. Tangazo hilo sasa limo katika maandiko yao, kama Tamko Rasmi 2. Jane alikuwa amekwisha kulala miaka 70. Mwaka 1979 endaumenti yake ilifanywa kwa niaba yake. Mwaka 2013 kanisa lilichapisha maelezo rasmi likikana nadharia zilizotumiwa zamani kueleza katazo lile, pamoja na ile ya laana.

Sitaki kuwaambia kwamba Mungu alipanga Jane anyimwe ili sisi tupate fundisho. Biblia haituruhusu kumbebesha Mungu makosa ya wanadamu. Ninachoweza kusema ni kwamba Mungu hakukizima kilio chake. Barua zile zilihifadhiwa, na leo zinasomwa na kuandikiwa vitabu, hata viongozi wa kanisa lake wanamtaja kwa jina. Mwaka 2022 sanamu yake ilizinduliwa Salt Lake City, pamoja na za watu weusi watatu waliofika bonde lile mwaka 1847 wakiwa watumwa.

Na barua hazikwisha kwa Jane. Katika miaka ya 1960 na 1970, kabla ya lile tangazo, Anthony Obinna wa Nigeria na Joseph William Billy Johnson wa Ghana walikuwa wakiiandikia Salt Lake City wakiomba waletewe wamisionari. Walikuwa na waumini waliokwisha kuamini kwa kusoma tu, bila kubatizwa. Waliambiwa wangoje. Obinna alibatizwa Novemba 1978, Johnson Desemba mwaka huohuo. Mwaka 2009 Mkenya, Joseph Sitati, akawa Mwafrika mweusi wa kwanza kutoka bara hili kuitwa miongoni mwa viongozi wakuu wa kanisa hilo, na Septemba 2021 ndiye aliyeongoza ibada ya kuanza ujenzi wa hekalu la Nairobi. Kinshasa walikuwa wamekwisha kupata la kwao mwaka 2019.

Hekalu la Nairobi liliwekwa wakfu Jumapili, tarehe 18 Mei 2025. Tangu hapo wanawake weusi wa Kenya na nchi jirani wanaweza kuvaa humo mavazi ya namna ile aliyoyafua Jane, na kuunganishwa na waume zao na watoto wao. Siku ile ya kuwekwa wakfu ilikuwa miaka 131 kamili, kwa siku na mwezi, tangu ile 18 Mei ambayo Jane aliunganishwa kama mtumishi naye akiwa nje. Sidai kwamba waliopanga tarehe walimfikiria yeye. Ila sisi tunaosoma tunayo haki ya kumkumbuka.

Yesu aliumaliza mfano wa mjane kwa swali ambalo wengi tunaliruka: Mwana wa Adamu atakapokuja, je, ataiona imani duniani? Swali hilo halimhusu hakimu. Linamwelekea mjane na wote wanaongoja kama yeye: je, mtaendelea kuomba, mtaendelea kuuliza, hata kama jibu halijafika machweo ya maisha yenu? Jane alijibu ndiyo, kwa mdomo na kwa karatasi.

Basi juma hili nawapa kazi mbili. Wewe uliye na dhamana katika kanisa, mchungaji, mzee, mwenyekiti wa umoja wa wanawake au wa vijana, mtafute mtu mmoja aliyeleta ombi ukamwambia asubiri. Mpigie simu kabla ya Jumapili. Kama jibu ni hapana, mweleze sababu. Kama huna sababu, liulize baraza lako kwa nini ni hapana. Na wewe mwenye bibi au babu aliyeishi na Mungu miaka mingi, keti naye kama Elizabeth Roundy alivyoketi na Jane, uandike anayosimulia. Usingoje siku ya maziko ndipo uanze kuuliza maswali. Bila kalamu ya mama yule tusingeijua safari ya kutoka Buffalo, wala tusingejua ni nani aliyeongoza watu wale.

Bwana awape nguvu ya kuomba na ujasiri wa kuuliza. Juma jema.